Akili mnemba yapiga hodi kwenye matibabu ya moyo: mzazi ajue nini?

Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, siku yoyote ya kazi. Kwenye makabati ya vioo, katikati ya simu, chaja na spika, zimepangwa saa za mkononi za kila rangi. Muuzaji atakuvalisha moja, atabonyeza kioo, na baada ya sekunde chache namba zitaanza kutokea: mapigo ya moyo, presha, oksijeni, nyingine hata sukari. Bei inazungumzika. Wapo wanaowanunulia wazazi wao wenye presha, na wapo wanaomvalisha mtoto ili wajue moyo wake unaendaje.

Kilomita chache kutoka hapo, Upanga, ndiko iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI). Huko wazazi kutoka mikoa yote huwaleta watoto waliozaliwa na tundu kwenye moyo, au ambao valvu zao zimeharibika wakiwa bado darasa la tatu.

Kati ya saa ya Aggrey na chumba cha daktari bingwa Upanga, kuna jambo moja linalozungumzwa sana siku hizi: akili mnemba, ambayo wengi tunaiita AI tu. Tunasikia inasoma vipimo vya moyo na kuona ugonjwa ambao jicho la binadamu halikuuona. Mzazi anabaki na maswali mawili. Je, niiamini? Na je, bado namhitaji daktari?

Jibu fupi ni hili: kompyuta inaweza kukupa sababu ya kwenda hospitali mapema, lakini isiwe sababu ya kutokwenda.

Kwa nini jambo hili linakuhusu

Inakadiriwa kuwa katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huzaliwa na hitilafu ya moyo. Wengine huzaliwa wazima, kisha moyo huharibika baadaye kwa sababu ya ugonjwa wa koo ambao haukutibiwa vizuri.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Upasuaji wa moyo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyehitaji kupasuliwa alisubiri kupelekwa nje, mara nyingi India. Mwaka 2015 JKCI ikaanzishwa kama taasisi inayojitegemea, na leo watoto wanapasuliwa hapahapa nchini.

Tatizo lililobaki ni kuchelewa. Mtoto anatibiwa kifua mara nne, mara tano, kabla mtu hajasikiliza moyo wake vizuri. Madaktari bingwa wa moyo wa watoto ni wachache, na wengi wako Dar es Salaam. Hawawezi kukaa kwenye kila zahanati kusubiri mtoto mmoja kati ya mia. Hapo ndipo akili mnemba inapopiga hodi.

Mashine inasoma nini hasa?

Fundi mzoefu wa bajaji husikia mlio wa injini na kujua shida iko wapi kabla hajafungua kitu. Hakusoma kitabuni, amesikia injini nyingi. Akili mnemba hujifunza kwa namna inayofanana na hiyo. Inaonyeshwa vipimo vya maelfu ya watu ambao madaktari wameshajua wanaumwa nini, mpaka inaanza kutambua alama zinazojirudia.

Kwenye moyo, inatumika zaidi katika vipimo vitatu. Cha kwanza ni ECG, ile mistari inayochorwa kwenye karatasi ukiwa umebandikwa nyaya kifuani. Kipimo hiki kina zaidi ya miaka 100, na Willem Einthoven aliyekibuni alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kilicho kipya ni kwamba mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kuwa kompyuta inaweza kutambua moyo uliopungua nguvu ya kusukuma damu kwa kusoma ECG peke yake.

Cha pili ni ECHO, kipimo cha picha kinachofanana na ultrasaundi ya mjamzito, ila kinaangalia moyo. Cha tatu ni sauti ya moyo inayosikika kwa stetoskopu, kile kifaa daktari anachoning'iniza shingoni. Siku hizi zipo stetoskopu zinazorekodi sauti na mkondo wa umeme wa moyo, kisha programu ikatoa majibu kwenye simu.

Mafindofindo yanayofika moyoni

Kwa mzazi wa mtoto wa shule, hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Mtoto anapata maumivu ya koo. Wengi tunayaita mafindofindo, tunampa maji ya chumvi asukutue, yanaisha. Lakini kuna maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria. Yasipotibiwa kwa dawa sahihi, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili huchanganyikiwa na kuanza kushambulia viungo na moyo. Mtoto anapata homa, magoti yanauma leo, kesho viwiko. Hali hii huwapata zaidi watoto wa miaka mitano hadi 15. Ikijirudia, valvu za moyo hukakamaa au kuvuja. Miaka inapita, mtoto anaonekana mzima, mpaka siku anaposhindwa kupanda ngazi.

Nyumba zenye watu wengi, chumba kimoja watoto wanne, ndizo ambazo ugonjwa huu wa koo husambaa kwa urahisi. Wakazi wa Ilala, Buguruni na Kariakoo wanaijua hali hiyo.

Majirani zetu wa Uganda wameonyesha njia. Katika utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, watoto 102,200 walipimwa kwa ECHO ili kutafuta waliokuwa na ugonjwa huu bila dalili. Upimaji wa kwanza uliwatilia shaka watoto 3,327. Baada ya wataalamu kuwapima tena kwa makini, 926 ndio waliothibitishwa na kufaa kuingia kwenye utafiti.

Matokeo yalihusu watoto 818, waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na jingine halikuchomwa. Kwenye kundi la sindano, ugonjwa uliongezeka kwa watoto watatu tu. Kwenye kundi jingine uliongezeka kwa watoto 33.

Maana yake ni kwamba ugonjwa huu ukigunduliwa mapema, sindano ya kawaida inaweza kuuzuia usiharibu moyo zaidi. Kigumu ni kuwapata watoto hao kabla hawajaanza kuumwa, maana kipimo cha ECHO kinahitaji mtu aliyefundishwa kukisoma.

Mwaka 2024 watafiti wa hospitali ya watoto ya Children's National ya Washington, kwa kutumia vipimo vya watoto wa Uganda, walichapisha matokeo ya programu ya akili mnemba inayoangalia valvu inayovuja kwenye picha za ECHO. Ilikaribia kiwango cha wataalamu. Muuguzi akifundishwa kupiga picha, na programu ikamsaidia kuzisoma, watoto wengi wanaweza kupimwa shuleni kwao.

Lakini rudi kwenye zile namba za Uganda. Kati ya 3,327 waliotiliwa shaka na 926 waliothibitishwa kuna wazazi zaidi ya 2,000 waliosubiri majibu. Aliyewapa majibu hayo ni mtaalamu aliyepima mara ya pili. Na sindano ya kila wiki nne kwa miaka miwili haichomwi na kompyuta. Inahitaji muuguzi anayemfahamu mtoto, anayekumbuka tarehe, anayemtuliza anapolia, na anayempigia simu mama asipotokea kwa sababu ya foleni ya wateja dukani.

Mama, usijisahau

Kuna ugonjwa wa moyo unaowapata wanawake mwishoni mwa ujauzito au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Moyo unatanuka na kupoteza nguvu. Dalili zake ni kuchoka, miguu kuvimba na kukosa pumzi, mambo ambayo mama mjamzito huambiwa kila siku kuwa ni ya kawaida. Ndiyo maana hupitwa.

Nigeria ni kati ya nchi zinazosumbuliwa sana na ugonjwa huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulifanyika katika hospitali sita za huko kwa wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine lilipimwa pia kwa stetoskopu yenye akili mnemba. Kwenye kundi la stetoskopu, asilimia 4.1 walikutwa na moyo uliopungua nguvu. Kwenye kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 2.0.

Hiyo ni mara mbili. Hakuna sababu ya kudhani kundi moja liliumwa zaidi ya jingine. Inaelekea zaidi kwamba kwenye huduma ya kawaida wapo waliorudi nyumbani na watoto wao bila kujua.

Mashine inapoyumba

Sasa upande wa pili. Mwaka 2025, katika mkutano wa madaktari wa moyo uliofanyika Madrid, watafiti wa Imperial College London waliwasilisha matokeo ya stetoskopu ya aina hiyo iliyotumika kwa wagonjwa zaidi ya 12,000 katika vituo vya Uingereza. Waliopimwa nayo waligunduliwa moyo dhaifu mara nyingi zaidi kuliko ambao hawakupimwa. Hata hivyo, karibu theluthi mbili ya waliotiliwa shaka na kifaa hicho hawakukutwa na tatizo hilo walipofanyiwa vipimo zaidi. Na baada ya mwaka mmoja, vituo vingi vilikuwa vimeacha kukitumia au vinakitumia mara chache.

Mashine pia hujifunza kutokana na watu ilioonyeshwa. Ikifundishwa kwa vipimo vya watu wazima wa Ulaya, inaweza kumkosea mtoto wa Manzese. Tuna mfano wa kifaa rahisi zaidi, kile kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wagonjwa weupe.

Halafu kuna mambo ambayo mashine haiyaoni kwa sababu hayamo kwenye kipimo. Moyo wa mtoto unaweza kwenda mbio kwa sababu ana homa, au kwa sababu amepungukiwa damu. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na seli mundu, na bado tuna malaria na minyoo. Tabibu mzuri atafunua kope za mtoto, ataangalia viganja, atauliza kama nyumbani kuna ndugu mwenye seli mundu. Vilevile watoto wengi wazima huwa na mlio wa ziada kwenye moyo ambao hauna madhara na huisha wanapokua. Kumwambia mama "huu hauna shida, nenda nyumbani ukalale" ni kazi inayohitaji mtu wa kubeba dhamana.

Tabibu anabaki na kazi gani?

Mfano mzuri uko Nairobi, ingawa haukuhusu moyo peke yake. Mtandao wa zahanati za Penda Health, kwa kushirikiana na kampuni ya OpenAI, uliwapa matabibu programu inayosoma wanachoandika wakati wakimhudumia mgonjwa. Kila kitu kikiwa sawa inawaka kijani. Ikiona la kuangalia inawaka njano, na ikiona hatari inawaka nyekundu. Tabibu ndiye anayeamua kufuata au kutofuata.

Ripoti yao ya mwaka 2025 ilihusu ziara 39,849 za wagonjwa katika zahanati 15. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu kwa asilimia 13, ukilinganisha na matabibu ambao hawakuwa na programu hiyo. Ila ilipoulizwa kama wagonjwa walipona zaidi, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika.

Somo ni kwamba programu ilisaidia pale ilipokaa nyuma ya bega la tabibu kama mwenzake wa zamu. Ilimkumbusha alichosahau, lakini haikumwondoa kwenye kiti. Aliyeuliza maswali, aliyemgusa mgonjwa na atakayejibu kukitokea tatizo alibaki kuwa mtu.

Saa, simu na namba zake

Turudi kwenye mambo unayoweza kuyanunua mwenyewe. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo: hakuna saa wala pete iliyoidhinisha kupima sukari bila kutoboa ngozi. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha namba ya sukari kwenye saa, usipunguze wala kuongeza dawa ya mzee kwa namba hiyo.

Hata saa za bei kubwa zina mipaka. Kipengele cha Apple kinachotoa taarifa ya mapigo yasiyo na mpangilio hakikukusudiwa kwa mtu mwenye umri chini ya miaka 22. Na mapigo ya mtoto si ya mtu mzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, ilhali mtoto mchanga anaweza kupita 140 na awe mzima kabisa. Saa isiyojua umri itakutisha bure, au itakupa amani ya uongo.

Kwa presha, kipimo cha kufunga mkono juu ya kiwiko ndicho cha kutegemea. Mzee akae ametulia dakika tano kwanza, na mkanda umtoshe mkono.

Ukiandika dalili za mtoto kwenye programu ya kujibu maswali, unaweza kupata maelezo ya kukusaidia kuelewa. Lakini programu hiyo haimwoni mtoto, haihesabu pumzi zake, na inajua yale tu uliyoandika. Kama hukuandika kwamba anatoka jasho akinyonya kwa sababu hukujua kuwa ni dalili, nayo inaweza isikuulize.

Dalili ambazo hazisubiri programu

Mpeleke mtoto kituo cha afya, na useme wazi kuwa una wasiwasi na moyo wake, ukiona haya:

- Mtoto mchanga anachoka au kutoka jasho jingi akinyonya, na uzito hauongezeki.
- Anapumua haraka hata akiwa amelala, au anapata homa ya mapafu mara kwa mara.
- Ulimi na fizi zinakuwa na rangi ya bluu. Kwa ngozi zetu, usiangalie midomo tu.
- Mtoto mkubwa anazimia au anapata maumivu ya kifua akiwa anacheza.
- Baada ya kuumwa koo, anapata homa na maumivu ya viungo yanayohama.
- Mama mjamzito au aliyejifungua anashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au anaamka usiku akihema.

Rangi ya bluu, kuzimia na kukosa pumzi ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Ukifika kituoni

Kwa mkazi wa katikati ya jiji, safari huanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali kama Mnazi Mmoja au Amana, halafu JKCI ikihitajika. Kwa walio mikoani, JKCI huwafuata kwa huduma za tiba mkoba, hivyo fuatilia matangazo ya hospitali ya mkoa wako. Beba kadi ya kliniki ya mtoto, na uombe barua ya rufaa yenye maelezo ya vipimo vilivyofanyika.

Kama kifaa chenye akili mnemba kimetumika, una haki ya kuuliza. Muulize tabibu kwa upole: Kifaa kimesema nini, na wewe mwenyewe umeona nini? Je, kilikusudiwa kwa watoto? Kipimo gani kitathibitisha, na kinapatikana wapi? Vipimo vya mwanangu vinahifadhiwa wapi, na nani anaviona? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni kati ya zile zinazolindwa zaidi.

Tabibu mzuri hatachukizwa na maswali hayo. Na kabla hujatoka mlangoni, hakikisha una vitu vitatu mkononi: jina la tatizo limeandikwa, nakala ya kipimo, na tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo iandike pia ukutani nyumbani, mahali ambapo hata dada anayebaki na watoto ataiona.